Makaa ya Königsberg



Leo tuanze na mji ambao hamtauona kwenye ramani mpya yoyote. Tazameni Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya. Katikati ya Poland na Lithuania mtakuta kipande cha ardhi ya Urusi kilicho mbali na Urusi yenyewe. Mji wake mkuu unaitwa Kaliningrad. Mpaka mwaka 1946 uliitwa Königsberg, na kwa muda wa karibu miaka mia saba ulikuwa mji wa Wajerumani. Kule kwao jina hilo lilifutwa. Huku kwetu lipo. Limo katika historia ya Rufiji, limo katika historia ya Unguja na ya Kigoma, na ukiingia Fort Jesus pale Mombasa utaukuta mzinga wa meli iliyoitwa kwa jina la mji huo.

Habari ya manowari Königsberg imesimuliwa mara nyingi, na wasimulizi wengi hupenda mizinga. Mimi nataka tuzungumze juu ya kitu wanachokipita mbio: makaa ya mawe, pamoja na meli za mizigo zilizoyabeba. Ukiyafuata makaa, kisa kizima kinageuka.

Tuutazame mji kwanza. Königsberg ulianzishwa mwaka 1255 na watawa wapiganaji wa Kijerumani, kando ya mto Pregel. Walikuja kwa upanga, lakini mji ulinenepa kwa biashara. Nafaka, mbao, kitani na katani zilishuka mtoni kutoka bara ya Lithuania, Poland na Urusi, zikapakiwa melini kwenda Lübeck, Amsterdam na London. Taabu ilikuwa moja: kati ya mji na bahari kuu kuna wangwa mpana wenye maji haba. Meli kubwa zilizoea kuishia Pillau, kwenye mlango wa bahari, na shehena ikahamishiwa vyombo vidogo. Ndipo wakachimba mfereji katika wangwa huo, ukafunguliwa mwaka 1901, na meli za mvuke zikaanza kupanda hadi kwenye maghala ya mji.

Huo ndio mji wa Immanuel Kant, mwanafalsafa aliyezaliwa hapo mwaka 1724 na kufa hapo hapo mwaka 1804. Hakusafiri mbali maisha yake yote. Yeye mwenyewe aliandika kwamba mtu akiishi katika mji wa bandari kama ule, wenye mto unaofika bara na bahari inayofika nchi za mbali, anaweza kuijua dunia bila kuondoka. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu dunia ilimfuata ikiwa ndani ya magunia na mapipa.

Sasa twende kwenye meli. Mwanzoni mwa karne ya ishirini jeshi la majini la Ujerumani lilikuwa na desturi ya kuzipa manowari zake ndogo majina ya miji: Emden, Dresden, Leipzig, na miji ya Baltiki kama Lübeck, Stettin na Danzig. Tarehe 12 Desemba 1905, katika karakana ya serikali huko Kiel, ikashushwa majini Königsberg. Kampuni za biashara nazo zilikuwa na mtindo wao. Kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie ya Hamburg, ambayo meli zake zilipita Tanga, Dar es Salaam na Lindi, ilikuwa na meli iliyoitwa Tabora na nyingine iliyoitwa Somali. Kwa hiyo manowari yenye jina la Baltiki ilikuja Afrika, na meli za mizigo zenye majina ya Afrika zilikuwa zikienda Hamburg. Ilikuwa safari ya majina ya huku na huku, na si muda mrefu yangekutana.

Königsberg ilitia nanga Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914. Watu wa mji wakatoka kuitazama. Walikuwa wameizoea manowari ya zamani na ndogo iitwayo Geier, na sasa mbele yao kulikuwa na chombo chenye urefu wa zaidi ya mita 100, mizinga 10 mikubwa, na dohani tatu. Wakaipa jina: Manowari na bomba tatu. Na jicho lao halikukosea. Katika mambo yote ya meli ile, walichokishika kwanza ni yale mabomba, yaani mahali ambapo makaa hutokea yakiwa moshi.

Maana tufahamiane, wasikilizaji. Meli ya tanga hula upepo, na upepo haununuliwi. Meli ya mvuke hula makaa ya mawe. Königsberg ilikuwa na boila 11, na ghala zake zikijaa pomoni zilibeba tani mia nane na kitu. Ikienda polepole ingeweza kuvuka bahari. Ikikimbizwa, wachocheaji wakitupa makaa kwa kasi tanurini huku jasho likiwachuruzika, ghala lilikuwa tupu baada ya siku chache tu. Na makaa hayo hayakuchimbwa pwani hii. Yaliletwa kwa meli ya mizigo, yakapakuliwa kwa mikono na makapu, vumbi jeusi likiwaingia watu puani na machoni. Wahenga wa pwani walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo ya Königsberg ilikuwa meli nyingine, chafu, isiyo na mzinga, ambayo hakuna aliyetoka nyumbani kwenda kuitazama.

Waingereza walilijua hilo vizuri. Vita vya Kwanza vya Dunia viliponukia, Königsberg iliondoka Dar es Salaam jioni ya tarehe 31 Julai 1914. Manowari tatu za Uingereza zilikuwa zinaisubiri nje, nayo ikazitoroka kwa mbio zake. Mbio zile ziliteketeza makaa mengi. Wakati huo huo Waingereza walikuwa wameshanunua makaa yaliyokuwepo katika bandari za Wareno huko Msumbiji, ili Wajerumani wasipate hata gunia. Kabla mzinga haujalia, tayari walikuwa wameanza kuitia njaa.

Tarehe 6 Agosti, nje ya pwani ya Omani, Königsberg iliikamata meli ya mizigo ya Uingereza, City of Winchester, iliyokuwa ikitoka Uhindi na shehena ya chai. Ilikuwa meli ya kwanza ya biashara ya Waingereza kutekwa katika vita vile. Kapteni wa Königsberg, Max Looff, hakuwa na haja na chai. Alitaka makaa. Wakaipeleka meli ile kwenye visiwa vya Khuriya Muriya, wakayakomba makaa yake, kisha wakaizamisha. Lakini makaa yale ya Uhindi yalikuwa duni: moshi mwingi, joto kidogo, masizi yakiganda kwenye boila. Mwindaji amepata nyama, na nyama yenyewe haina mafuta.

Basi ikabidi itafutwe Somali, ile meli ya mizigo ya kampuni ya Hamburg, iliyokuwa imetoka Dar es Salaam ikiwa imejaa makaa. Zilipoonana karibu na Ras Hafun, kwenye pembe ya Afrika, Königsberg ilikuwa imebakiwa na tani 14 hivi. Fikirini hilo. Manowari iliyoogopwa katika bahari yote ya Hindi ilikuwa inakaribia kuelea bila nguvu kama gogo. Somali iliihamishia tani 850. Kama Somali ingechelewa kidogo, au kama ingeonwa na adui njiani, kisa cha Königsberg kingeishia hapo, na Rufiji isingeijua.

Ikashuka hadi Majunga, Madagaska, haikupata windo. Ingependa kurudi Dar es Salaam, lakini njia ilikuwa imezibwa, tena na Wajerumani wenyewe. Mwanzoni mwa Agosti walizamisha gati lao la kuelea kwenye mlango wa bandari ili Waingereza wasiingie. Ndipo ikaja fikra ya Rufiji. Meli ya upimaji ya Kijerumani, Möwe, ilikuwa imeshapima mikondo ya delta, ikajulikana kwamba manowari inaweza kupita maji yakijaa. Ramani za Waingereza hazikuwa na habari hiyo. Tarehe 3 Septemba Königsberg ikaingia na kutia nanga Salale, penye kituo cha forodha, mikoko ikiificha kulia na kushoto. Makaa yakaletwa kwa vyombo vidogo, kwa siri.

Makaa hayo ndiyo yaliyoipeleka Unguja. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta manowari ya Uingereza, Pegasus, imetia nanga mbele ya mji, mitambo yake ikitengenezwa. Mizinga ya Königsberg ilifika mbali zaidi. Haikupita saa moja, Pegasus ilikuwa imekwisha. Zaidi ya mabaharia 30 walikufa, na makaburi yao yapo kisiwa cha Chapwani, karibu na mji wa Unguja. Lakini ushindi ule haukuzaa mwingine. Mtambo wa Königsberg ulivunjika, ikajikokota kurudi deltani. Vipande vilivyovunjika vikafunguliwa, vikabebwa na watu kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa vile vile. Wapagazi wa Kiafrika waliviburuta vyuma vile vichakani na matopeni. Majina ya maafisa wa meli tunayo. Ya wapagazi hayakuandikwa.

Na sasa sikilizeni jinsi makaa yalivyoitoa siri. Waingereza walikuwa hawajui Königsberg imejificha wapi. Oktoba, manowari yao Chatham ilifika Lindi ikaikuta Präsident, meli nyingine ya kampuni ile ile ya Hamburg. Wakaipekua, wakakuta karatasi zinazoonyesha kwamba makaa yalipelekwa Salale. Salale ni wapi? Wakatafuta, na mwisho wa mwezi wakaiona: milingoti miwili juu ya mikoko. Jasusi aliyeisaliti Königsberg alikuwa karatasi ya shehena.

Baada ya hapo meli za mizigo ndizo zilizoanza kuumia. Mwanzoni mwa Novemba mizinga ya Chatham iliipata Somali humo humo deltani, ikashika moto na kuungua. Ile iliyowahi kuiokoa manowari kwa tani 850 ikabaki mifupa ya chuma. Na Waingereza nao wakatoa sadaka ya meli yao. Tarehe 10 Novemba 1914 waliiingiza Newbridge, meli ya kubebea makaa, katika mkondo wa Suninga, risasi zikiwanyeshea, wakaizamisha kwa makusudi ili kuziba njia. Kwa hiyo mwisho wa mwaka ule delta ya Rufiji ilikuwa na meli mbili za makaa zimelala, moja ya kila upande, huku manowari iliyosababisha yote hayo ikiwa bado inaelea.

Inaelea, lakini inakwenda wapi? Ili itoke ilihitaji maji ya bamvua, usiku wa giza, na makaa ya kuifikisha mbali. Maji yalijaa na kupwa kila siku kwa amri ya Mungu. Giza lilikuwepo. Kilichokosekana ni makaa. Huko Ujerumani wakatayarisha msaada. Kulikuwa na meli ya Kiingereza, Rubens, iliyokamatwa Hamburg vita vilipoanza. Wakaipaka rangi mpya, wakaipa jina la Kidenishi, Kronborg, na mabaharia wanaojua Kidenishi, chini ya Carl Christiansen. Februari 1915 iliondoka ikiwa na zaidi ya tani elfu moja za makaa ya Königsberg, pamoja na bunduki na risasi za jeshi la nchi kavu. Ikazunguka kaskazini ya Uskoti, ikateremka Atlantiki yote, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari hiyo peke yake ingestahili kitabu.

Waingereza waliyanasa mawasiliano ya redio. Tarehe 14 Aprili manowari Hyacinth iliikimbiza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Christiansen akaipandisha kwenye maji mafupi na kuiwashia moto juu. Hyacinth ikaona moshi, ikadhani kila kitu kimeteketea, ikaondoka. Wajerumani wakaja na wapiga mbizi, wakatoa silaha nyingi zilizosalia. Jeshi la Wajerumani la nchi kavu, chini ya von Lettow-Vorbeck, lilishiba. Lakini makaa hayakufika Rufiji. Mimi nasema Königsberg ilishindwa siku ile, pale Manza, mahali ambapo yenyewe haikuwepo.

Kilichofuata Julai kilikuwa mazishi. Waingereza walileta Severn na Mersey, vyombo vya mizinga vyenye matumbo bapa vilivyoundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, vikiongozwa na ndege zilizotazama risasi zinaangukia wapi. Tarehe 6 Julai 1915 walijaribu, wakarudishwa. Tarehe 11 walirudi, na safari hii Königsberg ilipigwa ikawaka. Looff, akiwa amejeruhiwa, akaamuru ilipuliwe kwa kombora la torpedo, ikaketi matopeni.

Hapo wengi hufunga kitabu. Lakini mizinga yote 10 ilitolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu. Mmoja ulipanda treni hadi Kigoma ukafungwa kwenye Graf von Götzen, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikavunjwavunjwa na kufungwa katika masanduku 5,000, kisha ikaunganishwa tena kando ya Ziwa Tanganyika. Meli hiyo mnaijua. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha, mafundi wakiwa wameipaka grisi mitambo yake ili isiliwe na kutu. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikasafirisha watu na mizigo kwa jina la Liemba. Mzinga ulikaa humo kwa muda mfupi. Shehena ya dagaa, unga na abiria ilikaa miaka mingi kupita umri wa binadamu wengi.

Machi 1916 ikaja meli nyingine ya mizigo kutoka Ujerumani, Marie, ikaingia ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, na mizinga na risasi. Kutoka Sudi shehena ile ilikwenda kwa vichwa na mabega. Vita vile, kwa pande zote mbili, viliwala wapagazi kwa maelfu: njaa, kuhara, malaria, uchovu. Ukisikia mzinga wa Königsberg ulipigana huko bara, jua kuna watu waliouvuta, na wengine waliokufa njiani wakibeba chakula cha wanaouvuta.

Na ule mji wa Baltiki? Jina lake halikuwa na bahati majini. Königsberg ya pili, ya wakati wa vita vile vile, ilikabidhiwa Ufaransa, ikaitwa Metz, jina la mji ambao Wajerumani walikuwa wameupoteza. Ya tatu ilizamishwa na ndege za Uingereza huko Bergen, Norway, Aprili 1940. Kisha zamu ikawa ya mji wenyewe. Agosti 1944 ndege za Uingereza ziliuchoma moto. Mwanzoni mwa 1945 jeshi la Urusi lilipouzunguka, mamia ya maelfu ya watu, wengi wao kina mama na watoto, walikimbilia Pillau, mlango wa bahari wa zamani. Zilizowatoa hapo ni pamoja na meli za mizigo, meli zilizozoea makaa na nafaka. Meli za namna hiyo zilizoulisha mji kwa karne nyingi zikawaokoa watu wake. Tarehe 9 Aprili 1945 mji ulisalimu amri, na Julai 1946 ukaitwa Kaliningrad, kwa heshima ya Mikhail Kalinin, kiongozi wa Kisovyeti aliyekuwa amekufa mwezi mmoja kabla.

Mabaki ya manowari kule Rufiji nayo yalifuata kanuni ya biashara. Mwaka 1924 haki ya kuokota vyuma vyake ilinunuliwa na yule yule aliyekuwa nahodha wa Pegasus. Wengine wakaendelea kuikata mpaka miaka ya 1960, matope yakameza kilichobaki.

Basi, wasikilizaji, shauri langu ni hili. Makumbusho yetu yanaonyesha mizinga, na mzinga ni kitu cha kupendeza kupigia picha. Lakini kibao kilicho chini yake kitaje pia Somali, Newbridge, Rubens na Marie, na kiseme waziwazi kwamba chuma hiki kiliburutwa na watu wa nchi hii, wengi wao kwa kulazimishwa. Anayeambiwa habari za mizinga tu atadhani vita huamuliwa na ushujaa wa makapteni. Anayeambiwa habari za makaa ataelewa kwa nini hata leo mataifa makubwa hugombania bandari, mafuta na njia za meli kabla ya kugombania kitu kingine chochote.

Na ninyi mlioko Kibiti, Mafia, Lindi, Sudi na Kigoma, kama kuna mzee nyumbani aliyesimuliwa na babu yake nani alibeba nini, na kwa ujira gani, kaeni naye jioni hii mwandike. Maafisa waliandika vitabu vyao zamani. Upande wa waliobeba bado una nafasi tupu, na wa kuijaza ni sisi.